Son Tay au Entebbe: Ukitaka Kuelewa Mazoezi ya Siri ya Uvamizi, Anza na Ipi?

Wapenzi wa simulizi za makomando wanaijua hadithi hii. Jeshi linajiandaa kuvamia kambi ya adui, linajenga nakala kamili ya kambi hiyo, linafanya mazoezi humo usiku tu, na kila kunapopambazuka askari wanaibomoa yote na kufunika mashimo ya nguzo ili setilaiti za Wasovieti zikipita zisione kitu. Chimbuko lake ni uvamizi wa Son Tay, Vietnam ya Kaskazini, mwaka 1970, Wamarekani walipokwenda kuwatoa wafungwa wao wa kivita. Siku hizi naikuta imebandikwa hata kwenye Entebbe, Uganda, 1976, Waisraeli walipowaokoa mateka wa ndege, kana kwamba matukio hayo mawili yaliandaliwa na watu walewale kwa ramani ileile.

Si kweli, na inaniuma kila ninapoisikia, kwa sababu inafunika jambo kubwa zaidi. Mazoezi halisi ya Son Tay yanasisimua kuliko hadithi yenyewe. Ya Entebbe yalikuwa karibu kinyume chake. Kwa hiyo kama unatafuta tukio moja la kusoma, kufundishia au kusimulia ili watu waelewe jinsi jeshi linavyojiandaa kwa siri, nimeyaweka haya mawili ubavu kwa ubavu. Yote mawili ni ya kuokoa watu, yote yalifanyika usiku, mbali sana na nyumbani kwa wavamizi, na yote yalitegemea adui asijue kitu mpaka dakika ya mwisho. Hapo ndipo ufanano unapoishia.

Kwanza, kambi iliyobomolewa kila asubuhi

Kikosi cha Son Tay kilifanya mazoezi katika kambi ya jeshi la anga ya Eglin, jimbo la Florida, Marekani, kuanzia Septemba 1970 hadi Novemba. Ni kweli kulijengwa mfano wa kambi ya wafungwa wenye ukubwa halisi. Lakini usifikirie kuta za matofali. Zilikuwa nguzo za mbao, na kati ya nguzo na nguzo kimevutwa kitambaa kuonyesha ukuta uko wapi, mlango uko wapi na seli zinaanzia wapi. Kazi yake ilikuwa kumzoesha askari hatua: kutoka hapa hadi pale ni mbio za muda gani, nikigeuka kulia nakutana na nini.

Sasa chukua hadithi ya kubomoa kila asubuhi uipime kwa ratiba yenyewe. Askari waliufanyia mfano huo mazoezi yapatayo 170, mengine ya mpango mzima na mengine ya vipande. Waliufanyia mazoezi mchana na usiku. Mchana! Mara nyingi kwa risasi za moto. Ukisema walifanya mazoezi usiku tu ili mchana kusiwe na kitu cha kuonekana, nusu nzima ya mazoezi yao haina pa kufanyikia. Wapo washiriki waliolikanusha jambo hili, ila hata bila ushuhuda wao hesabu haikubali.

Hofu ya setilaiti haikuwa ya kubuni. Vita Baridi vilikuwa vimepamba moto na Wasovieti walikuwa wakirusha setilaiti za upelelezi mara kwa mara. Lakini setilaiti hizo zilipiga picha kwenye filamu, na filamu ilibaki juu hadi irudishwe duniani ndipo isafishwe na kusomwa. Na aliyeisoma angeona nini? Vitambaa na mbao katika eneo la mazoezi la kijeshi lenye shabaha na viwanja vya majaribio kila upande. Hakuna kitu pale kinachosema Hanoi, mji mkuu wa Vietnam ya Kaskazini.

Siri ya Son Tay ililindwa kwa njia nyingine, na hii ndiyo ambayo wasimulizi wengi wanairuka: karibu kila mtu aliyekuwa kwenye mazoezi hakujua anakokwenda. Waliojua walikuwa wachache mno, wakiwemo Brigedia Jenerali Leroy Manor wa jeshi la anga, aliyekuwa mkuu wa operesheni, na Kanali Arthur Simons, aliyeongoza kikosi cha ardhini. Wengine walijua tu kwamba kuna kambi, kuna kuta, na kuna watu wa kutolewa ndani. Waliambiwa jina la mahali Novemba 20, jioni, wakiwa tayari Thailand, saa chache kabla ya kuondoka. Ukiweza kuwafanya watu wafanye mazoezi kwa wiki nyingi bila kujua shabaha yao, huna haja ya kubomoa mbao kila asubuhi.

(Eglin hiyohiyo ndiko walikofanyia mazoezi marubani wa Luteni Kanali James Doolittle, Machi 1942, wakijifunza kurusha ndege za B-25 kwa umbali mfupi kabla ya kwenda kuishambulia Japani kutoka kwenye manowari ya kubebea ndege. Nao hawakuambiwa rasmi wanakwenda wapi hadi walipokuwa baharini. Utaratibu wa kuficha jina la mahali ulikuwa wa zamani.)

Son Tay: wiki nyingi za mazoezi

Kambi ya Son Tay ilikuwa kama kilomita 37 magharibi mwa Hanoi. Mwezi Mei 1970 Wamarekani walishawishika kwamba ndani yake kuna wafungwa wa kivita, na mpango ukaanza kusukwa. Walioteuliwa walitoka miongoni mwa askari wa vikosi maalumu waliojitolea katika kambi ya jeshi la Marekani ya Fort Bragg, na waliokwenda hatimaye walikuwa 56, wakigawanywa makundi matatu: 14 chini ya Kapteni Richard Meadows, 22 wakiwa na Simons mwenyewe, na 20 chini ya Luteni Kanali Elliott Sydnor.

Kundi la Meadows lilikuwa na kazi ya kutisha. Ua wa kambi ulikuwa mdogo kiasi kwamba helikopta yao isingeweza kutua kawaida na kuondoka tena. Uamuzi ukawa kuibwaga ndani ya ua makusudi na kuiacha hapohapo, ili walinzi wasipate muda wa kuwaua wafungwa. Makundi mengine mawili yangetua nje ya ukuta. Mbali na mfano wa Eglin, shirika la ujasusi la CIA lilitengeneza mfano mdogo wa mezani wa kambi hiyo, ukapewa jina la Barbara, ambao askari waliutazama hadi wakaikariri kila kona.

Mazoezi yalifichua kasoro, na hapo ndipo yalipopata thamani. Mojawapo: gizani askari walikuwa wakikosa shabaha mno. Suluhisho halikutoka kwenye ghala la siri la jeshi. Walinunua vifaa vya kulengea vilivyokuwa vikiuzwa kwa raia, wakavifunga kwenye bunduki zao, na kulenga kukaimarika sana. Kitu kama hicho hukijui mpaka ufyatue risasi usiku, tena na tena.

Lakini ninachotaka ukishike zaidi ni hiki. Walifanya pia mazoezi ya mpango ulioharibika. Je, kundi la Meadows lisipofika? Je, la Sydnor lisipofika? Je, la Simons? Kwa kila hali kulikuwa na mpango mbadala wenye jina lake, na kila askari alijua kazi yake inabadilikaje ukitangazwa.

Alfajiri ya Novemba 21, 1970, hali mojawapo ikatokea kweli. Helikopta ya Simons ilishuka mahali pasipo penyewe, kwenye majengo mengine yaliyofanana na kambi, mita mia kadhaa pembeni. Kiongozi wa kikosi kizima cha ardhini hayupo, na watu 22 hawapo. Wakati huo helikopta ya Meadows ilikuwa imegonga miti mirefu kuliko ilivyotarajiwa na kujibwaga uani, na fundi wake amevunjika kifundo cha mguu. Sydnor akatangaza mpango mbadala kwenye redio. Askari wake wakazichukua kazi za kundi la Simons bila kusimama kuulizana. Simons, baada ya kupigana vikali huko alikoshukia, alichukuliwa tena na kufikishwa kambini dakika chache baadaye. Hakuna Mmarekani aliyeuawa. Kuanzia kutua hadi kuondoka ilikuwa chini ya nusu saa.

Na seli zilikuwa tupu. Wafungwa walikuwa wamehamishwa tangu Julai, kabla hata mazoezi hayajaanza Florida.

Entebbe: siku zisizozidi mbili

Juni 27, 1976 ndege ya Air France namba 139, iliyotoka Tel Aviv kwenda Paris kupitia Athens, ilitekwa ikiwa na abiria 248 na wahudumu 12. Watekaji walikuwa Wapalestina wawili na Wajerumani wawili. Baada ya kupitia Benghazi ilifika Entebbe Juni 28, ambako Idi Amin aliwapokea watekaji na askari wake wakasaidia kuwalinda mateka. Uvamizi wa Israeli ulifanyika usiku wa Julai 3 kuamkia 4.

Hesabu siku hizo kwa vidole. Ni wiki moja tu tangu ndege kutekwa. Tena sehemu kubwa ya wiki hiyo ilikwisha serikali ikijadili kama ifanye mazungumzo, na majeshi yakipima mawazo mbalimbali, mengine yakatupwa. Mpango wa kutua kwa ndege za mizigo za kijeshi aina ya Hercules ulikomaa mwishoni mwishoni, na mazoezi ya pamoja yalifanyika usiku wa Julai 2. Anayekuambia kwamba Israeli ilijenga uwanja mzima wa Entebbe jangwani na kufanya mazoezi humo kwa wiki kadhaa anakuomba uamini kitu ambacho kalenda inakikataa.

Kulikuwa na mfano, ndiyo, lakini wa sehemu tu ya jengo la zamani la abiria, uliosimamishwa haraka kwa vifaa vyepesi ili makundi ya uvamizi yajue nani anaingia mlango upi. Mazoezi mengine yalilenga kitu kimoja kimoja: kushusha magari kwenye ndege haraka, na kutua gizani. Mkuu wa majeshi, Luteni Jenerali Mordechai Gur, alipanda mwenyewe Hercules kuona kama rubani Joshua Shani angeweza kutua kwenye barabara ya ndege iliyozimwa taa. Na ile Mercedes nyeusi ya kuigiza msafara wa Amin? Ilikuwa gari ya raia yenye rangi nyeupe, ikapakwa nyeusi. Hayo ndiyo maandalizi ya watu waliobanwa na saa.

Kilichowabeba kilikuwa taarifa. Kampuni ya ujenzi ya Israeli, Solel Boneh, iliwahi kufanya kazi katika uwanja huo, kwa hiyo michoro ilipatikana. Waisraeli walikuwa wamelifundisha jeshi la Uganda kabla ya Amin kuwafukuza mwaka 1972, na mmoja wa makamanda wa uvamizi, Muki Betser, aliwahi kufanya kazi hiyo Uganda. Juu ya yote, watekaji wenyewe waliwaachia mateka wengi wasio Waisraeli Juni 30 na Julai 1. Walipofika Paris walihojiwa kwa kina: watekaji wako wangapi, wana silaha gani, wanasimama wapi, mateka wamelala upande gani. Taarifa hizo zilikuwa mbichi, za siku mbili tatu tu nyuma.

Ukosefu wa mazoezi nao ulijionyesha. Walinzi wa Uganda waliusimamisha ule msafara wa bandia, risasi zikafyatuliwa kabla ya kufika mlangoni, na ile hali ya kushtukiza ikaanza kuvuja. Ndani ya ukumbi askari walipaza sauti kwa Kiebrania na Kiingereza kuwataka mateka walale chini. Kijana Jean-Jacques Mimouni alisimama, akapigwa risasi na waokoaji wenyewe. Mateka watatu walikufa kutokana na uvamizi huo, na kamanda wa kikosi cha kuvamia jengo, Luteni Kanali Yonatan Netanyahu, akauawa. Mateka 102 waliokolewa.

Mahali zinapotofautiana hasa

Watu wengi wakiyalinganisha matukio haya huishia kusema Entebbe lilifaulu na Son Tay likashindwa. Ulinganisho huo haukusaidii kuchagua. Mateka walikuwemo Entebbe na wafungwa hawakuwemo Son Tay, na hilo halikuamuliwa na mazoezi.

Angalia namna kila upande ulivyotumia muda. Wamarekani walikuwa na miezi, wakainunulia ustadi. Kila wiki iliyopita Florida, askari walizidi kuwa hodari na picha ya Son Tay ikazidi kuchakaa. Waisraeli walikuwa na saa, wakalazimika kutegemea ubichi wa taarifa na wepesi wa kuamua. Baraza la mawaziri lilitoa kibali ndege zikiwa tayari angani. Ukiweka mawili haya pamoja unaona kitu ambacho tukio moja peke yake halikuonyeshi: mazoezi marefu na taarifa mpya huvutana, na kamanda hana budi kuachia upande mmoja.

Kwenye siri pia zinaachana. Son Tay ilifichwa kwa kuwanyima askari jina la mahali. Entebbe haikuhitaji hilo, maana dunia nzima ilijua mateka wako wapi na askari walijua wanajiandalia nini. Kilichofichwa ni kwamba Israeli ingethubutu kwenda mbali hivyo, kama kilomita 4,000, na serikali iliendelea kuonyesha nia ya kuzungumza na watekaji. Huku kufichwa kwa mahali, kule kufichwa kwa nia. Hadithi ya kubomoa mbao inafuta tofauti hii yote na kumwachia msikilizaji ujanja wa seremala.

Ukubwa wa maandalizi nao si sawa. Usiku wa Son Tay zaidi ya ndege 100 zilishiriki, zikiwemo za jeshi la majini zilizoruka pwani zikidondosha mienge ya kumulika ili kuvuta macho ya ulinzi wa anga. Entebbe zilikwenda Hercules 4 na Boeing 707 mbili, moja ya kuongozea na moja ya hospitali iliyotua Nairobi.

Uchague ipi

Kama swali lako ni mazoezi yenyewe, yaani yanapangwaje, yanagundua nini, yanamsaidiaje askari mambo yakiharibika, chagua Son Tay bila kusita. Hakuna mfano bora ninaoujua wa mazoezi yaliyolipa katika dakika ileile yalipohitajika kuliko pale Sydnor alipotangaza mpango mbadala. Ukifundisha viongozi wa vikosi vya zimamoto, waokoaji, hata madaktari wa dharura, kisa hicho kinatosha darasa zima. Usimulie hadi mwisho, na seli tupu ziwemo. Ongeza na hili: baada ya uvamizi, Vietnam ya Kaskazini iliwakusanya wafungwa wengi kutoka kambi za pembezoni na kuwaweka Hanoi, na watu waliokuwa wamefungwa peke yao muda mrefu wakapata wenzao wa kuzungumza nao.

Kama swali lako ni uamuzi chini ya shinikizo la muda, jinsi ya kukusanya taarifa haraka na kuridhika na maandalizi yasiyotimia, chagua Entebbe. Hapo mazoezi ni sura fupi, ukiyarefusha unapotosha.

Kama hadhira yako iko Afrika Mashariki, utavutwa na Entebbe kwa sababu ni kwetu, na sikulaumu. Mimi bado ningewapa Son Tay kwanza, kisha Entebbe, kwa mpangilio huo. Aliyeona mazoezi ya miezi miwili ndiye atakayeshtuka ipasavyo akisikia ya usiku mmoja.

Sharti moja ukichagua Entebbe. Usiishie kwenye mazoezi na Mercedes iliyopakwa rangi. Askari wapatao 45 wa Uganda walikufa usiku ule. Dora Bloch, mateka mzee aliyekuwa amelazwa hospitali ya Mulago, aliuawa baada ya uvamizi kwa amri ya utawala wa Amin. Wakenya waliokuwa wakiishi Uganda waliuawa kwa kulipiza kisasi cha ndege za Israeli kujaza mafuta Nairobi, na Bruce McKenzie, waziri wa zamani wa Kenya, alikufa Mei 1978 kwa bomu lililotegwa ndani ya ndege aliyopanda kutoka Uganda. Simulizi nyingi za Entebbe zinazoletwa kwetu zimeandikwa kwa macho ya waliokuja na kuondoka. Waliobaki nao wana haki ya kutajwa.